Taa za mbele hazinitoshi usiku barabara ya Manyoni hadi Itigi: nibadilishe balbu, au nianze na nini?

MuuguziManyoni

Nawasalimu nyote. Ninaomba ushauri kuhusu taa za mbele za gari langu, Toyota Probox ya mwaka 2006 inayotumia balbu za H4, yaani zile za halojeni zenye wati 60 kwa taa ndefu na wati 55 kwa taa fupi. Ninaishi Manyoni, na mara mbili au tatu kwa wiki hurudi nyumbani kutoka Itigi baada ya saa mbili usiku. Ni takribani kilomita 40 za lami, lakini ukishaziacha nyumba za mwisho hakuna taa hata moja ya barabarani, na pembeni ni vichaka tu.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, nikiwa nimepunguza taa kwa sababu kulikuwa na basi linalokuja mbele yangu. Lilipopita tu, nikaona matawi ya miti yametandazwa kwenye lami, na mbele ya matawi hayo lori lililoharibika, halina taa wala kiakisi mwanga. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, nikasimama nikiwa nimekwisha kuyapita matawi, hatua chache kutoka kwenye bodi la lori. Tangu usiku huo ninaendesha kwa hofu.

Muuza spea mmoja amenishauri nichukue balbu za LED ambazo boksi lake limeandikwa lumeni 20,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) na mwanga mweupe wa Kelvin 6500. Fundi mwingine anasema niweke halojeni za wati 100 kwa 90, kwa kuwa zinaingia kwenye soketi ileile. Jirani yangu naye amefunga zenoni, zile balbu za gesi, na anazisifu. Mimi sina ujuzi wa umeme. Ninachotaka ni kuona mbali zaidi bila kumpofusha anayekuja mbele yangu, maana wapanda baiskeli na vijana wa bodaboda wa barabara ile ndio watu ninaowahudumia kazini.

FundiUmemeMoro

Dada, pole sana, na tumshukuru Mungu aliyekunusuru. Ninafanya kazi ya umeme wa magari hapa Morogoro kwa mwaka wa 21 sasa, na swali lako ninaletewa karibu kila wiki, kwa hiyo niruhusu nilijibu kwa urefu.

Tuanze na usiku ule wenyewe. Gari lililo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde. Dereva aliye makini huhitaji kama sekunde moja na nusu kuitambua hatari na kuhamishia mguu kwenye breki, na hapo mita 33 zimekwisha kupita kabla gari halijaanza kupunguza mwendo. Breki nzuri kwenye lami kavu zitakula mita nyingine 35 hadi 40. Jumla ni mita 70 au zaidi kidogo, ilhali kwa taa fupi za halojeni mtu aliyevaa nguo nyeusi mara nyingi huonekana akiwa mita 50 au karibu zaidi. Kwa kilomita 60 kwa saa hesabu hiyohiyo inakupa mita 45 hadi 48. Hakuna balbu ya kuchomeka kwenye taa yako itakayolifuta pengo hilo peke yake, na ninalisema hili mwanzo kwa sababu wauzaji hawalisemi.

Sasa tuje kwenye taa. Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba taa ulizonazo zinatoa mwanga zilioundwa kuutoa, kwa sababu katika magari kumi yanayoletwa kwangu na malalamiko haya, mengi hayana tatizo la balbu hata kidogo. Balbu ya H4 iliyo sawa hutoa takribani lumeni 1,000 kwenye taa fupi na 1,650 kwenye taa ndefu, lakini kipimo hicho hufanywa kwa volti 13.2 kwenye balbu yenyewe. Umeme unaotoka kwenye betri hupita kwenye fyuzi, swichi, viungio na waya mwembamba ambao umekwisha kutumika miaka karibu 20, na kila mahali penye kutu unapoteza kidogo. Mwanga wa halojeni hauanguki sawasawa na volti, bali huanguka kwa kasi zaidi: ukipoteza asilimia 10 ya volti, unapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Ndiyo maana taa inaonekana ya manjano iliyofifia na mwenye gari anaona balbu ni mbovu.

Mwombe fundi yeyote mwenye mita apime hivi. Injini iwe inaunguruma, taa fupi ziwe zimewashwa na balbu iwe mahali pake. Apime kwanza kwenye vichwa vya betri, kisha apime kwenye pini mbili za balbu kwa nyuma ya soketi. Asipime soketi ikiwa imechomolewa, kwa kuwa bila balbu kuvuta umeme mita itasoma volti nzuri na kumdanganya. Vilevile asipime kati ya pini moja na bodi ya gari, kwa kuwa Toyota nyingi huwashia taa upande wa hasi (swichi hukata na kuunga waya wa hasi, si wa chanya), na fundi asiyelijua hilo hupata majibu yasiyoeleweka.

Jambo la pili ni kioo cha taa, ambacho kwenye gari lako si kioo bali ni plastiki. Jua huiunguza ikawa ya njano na yenye ukungu, kisha mwanga unatawanyika kabla haujatoka. Husafishwa kwa msasa wa maji, ukianza na namba 800 au 1000, ukaendelea hadi 2000, halafu polishi. Ukiishia hapo, baada ya miezi michache njano itarudi, kwa sababu utakuwa umeuondoa ule utando wa kiwandani unaozuia miale ya jua. Ni lazima upulizie utando mpya wa kinga. Dawa ya meno inayosifiwa mitandaoni hung'arisha kwa wiki chache tu.

La tatu ni kuelekeza taa. Simamisha gari mahali tambarare, mita 5 kutoka ukutani, matairi yakiwa na upepo sahihi na mtu ameketi kwenye kiti cha dereva. Pima kimo cha katikati ya taa kutoka ardhini, kisha weka alama ukutani kwa kimo hichohicho. Mpaka wa juu wa mwanga wa taa fupi unatakiwa uwe sentimita 5 hadi 6 chini ya alama hiyo. Kwa kuwa sisi tunaendesha kushoto, mpaka huo unatakiwa uwe umelala upande wa kulia, kisha uinuke kuelekea kushoto, ili umulike ukingo wa barabara wanakopita watembea kwa miguu. Taa iliyoinama sentimita 10 badala ya 5 ukutani hapo inakunyang'anya nusu ya umbali wako wote, na hakuna balbu itakayourudisha.

Kuhusu hizo balbu tatu ulizoshauriwa, za wati 100 kwa 90 achana nazo. Waya na soketi yako havikuundwa kwa mzigo huo. Nimeshabadilisha soketi nyingi zilizoyeyuka, na nimeona viakisi vya ndani ya taa, vile vinavyorudisha mwanga mbele, ambavyo rangi yake ya fedha imeungua ikawa nyeusi. Zenoni nazo si za taa yako: balbu ya zenoni ya kiwandani hutoa lumeni 3,200 hivi, na kanuni za kimataifa zinataka taa yenye chanzo cha mwanga mkali kiasi hicho iwe na mfumo wa kujisawazisha yenyewe na wa kujiosha.

LED inahitaji maelezo zaidi kidogo. Ndani ya H4 mna nyuzi mbili, na uzi wa taa fupi umekaa juu ya kikombe kidogo cha chuma kinachouzuia mwanga usifike nusu ya chini ya kiakisi. Kikombe hicho ndicho kinachofanya mwanga usipande machoni mwa watu. Kiakisi kimechongwa kikijua kwamba uzi uko mahali fulani, kwa usahihi wa sehemu ndogo ya milimita. LED ina chipu bapa mbili zilizopishana kwa unene wa ubao ulio katikati yao, nazo humulika pembeni kuliko pande nyingine. Zikikaa vibaya hata kidogo, mwanga unajaa mita 15 za mbele ya boneti na unaobaki unapanda juu. Dereva huona lami ya karibu imekuwa nyeupe akafurahi, lakini jicho lililozoea weupe huo wa karibu huona hafifu zaidi kule mbali kwenye giza, yaani kule kwenye lori lako. Na hizo lumeni 20,000 si za kweli. Balbu ya namna hiyo ikivuta wati 25, ikitoa lumeni 2,500 tutakuwa tumeikadiria kwa ukarimu.

Ukihitaji balbu mpya, nunua jozi ya H4 halojeni ya kampuni inayoaminika, ya wati zilezile 60/55. Zile zinazoandikwa asilimia 100 au 150 zaidi hazina mwanga mwingi kiasi hicho kwa jumla, kwa sababu kanuni inaruhusu tofauti ya asilimia 15 tu ya lumeni. Asilimia hizo zinahusu sehemu fulani ya barabara, ikilinganishwa na kiwango cha chini kinachokubalika. Hata hivyo uzi wake ni mfupi na umewekwa kwa usahihi mkubwa, kwa hiyo mwanga hufika mbali zaidi. Gharama yake ni uhai mfupi. Epuka zenye kioo cha buluu, maana rangi hiyo ni chujio linalopunguza mwanga. Na unapobadilisha, usishike kioo cha balbu kwa vidole. Mafuta ya ngozi huiunguza.

LoriTunduma

Fundi amesema kweli tupu, nami niongeze yanayoonekana kutoka kwenye kiti cha lori. Ninaendesha Dar es Salaam hadi Tunduma, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023 ninakutana na taa nyingi zaidi kuliko zamani. Gari dogo lenye LED za kuchomeka ninalitambua likiwa bado mbali sana: taa zake hazina mpaka, ni madoa mawili meupe yanayotetemeka kwenye kila tuta. Likishapita, kwa sekunde kadhaa sioni kitu. Gari langu lina tani nyingi nyuma, na sekunde hizo ni mita nyingi. Mwenye gari lile hajui amenifanyia nini, kwa sababu yeye anaona vizuri.

Dada, tukio lako lilitokea wakati mgumu kuliko wote wa usiku, yaani pale unapopishana na gari kubwa. Nyuma ya taa za basi kuna kivuli cheusi ambacho huwezi kukiona hata kwa taa za aina gani. Mimi hupunguza mwendo kabla ya kupishana, na macho huyaelekeza kwenye ukingo wa kushoto wa lami badala ya kuzitazama taa zinazokuja. Halafu osha kioo cha mbele kwa ndani. Watu huosha nje tu, lakini ule utando wa mvuke na vumbi unaoganda ndani ndio unaotawanya mwanga wa magari mengine usoni mwako.

MwalimuMufindi

Naheshimu maelezo ya fundi, ila nisingependa wasomaji waondoke wakidhani kila LED ni mbaya. Gari langu lina taa zenye lenzi ya duara ndani, na kwa miezi minane sasa nimeweka LED za kampuni inayojulikana. Niliupima mwanga ukutani kabla na baada ya kuzifunga, na mpaka wake ulibaki umenyooka na ukingo wa kushoto wa barabara ninauona vizuri zaidi. Ninakiri jambo moja. Huku kwetu Mufindi ukungu ni wa kawaida, na ndani ya ukungu mwanga ule mweupe unageuka ukuta mbele yangu. Siku kama hizo ninaitamani halojeni yangu ya zamani.

FundiUmemeMoro

Mwalimu, nakubaliana nawe, na umefanya lile ambalo wengi hawalifanyi, yaani kupima ukutani kabla na baada. Taa ya lenzi ina kizuizi chake cha mwanga ndani ya taa yenyewe, kwa hiyo balbu isiyo sahihi haiwezi kupandisha mwanga kirahisi, ingawa bado inaweza kuupotezea umbali. Taa ya dada ni ya kiakisi kitupu, na hapo kikombe cha H4 ndicho kizuizi pekee.

Ujerumani waliruhusu balbu za LED za kuchomeka kuanzia mwaka 2020, lakini idhini hutolewa kwa balbu fulani ndani ya taa ya gari fulani, baada ya kujaribiwa pamoja. Balbu ileile kwenye gari ambalo halimo katika orodha hairuhusiwi barabarani. Ningependa muuza spea angalau atuambie balbu yake imejaribiwa ndani ya taa ipi.

BujaUsiku

Nawasalimu kutoka Bujumbura. Mjadala huu unatugusa kwa namna nyingine, kwa sababu sisi tunaendesha kulia ilhali magari yetu mengi yanatoka Japani, ambako wanaendesha kushoto. Ule mwanga aliousifu fundi, unaopanda kuelekea kushoto, kwetu unapanda moja kwa moja machoni mwa anayekuja, na ukingo wetu wa kulia wanakotembea watu unabaki gizani. Nilihangaika mwaka mzima nikibadilisha balbu, kumbe balbu haikuwa na kosa lolote. Mwishowe nilipata taa nzima zilizotengenezwa kwa nchi za kuendesha kulia, nikafunga halojeni za kawaida kabisa. Mwenye gari la namna hii asijaribu kuongeza nguvu ya balbu, kwa kuwa ataongeza tu ukali wa kosa lilelile.

MuuguziManyoni

Ninawashukuru sana. Leo nimepata fundi mwenye mita, na nimesimama karibu naye nikiwa na maelezo haya mkononi. Kwenye betri, injini ikiunguruma na taa zikiwaka, mita ilisoma volti 13.9. Kwenye balbu ya kushoto ikasoma 12.0, na ya kulia 11.6. Ukutani, taa ya kulia mpaka wake ulikuwa sentimita 14 chini ya alama, na ya kushoto sentimita 7. Nadhani ya kulia iliwahi kufunguliwa gari lilipogongwa kidogo kabla sijalinunua. Balbu zenyewe fundi amezitoa, na kioo chake kimeanza kuwa cheusi kwa ndani.

FundiUmemeMoro

Basi jibu lako limepatikana, dada. Volti 12.0 maana yake taa ya kushoto imepoteza zaidi ya robo ya mwanga wake, na 11.6 maana yake ya kulia imepoteza zaidi kidogo ya theluthi. Ongeza hapo kwamba ya kulia ilikuwa inamulika ardhi iliyo chini ya mita 25 kutoka kwenye gari. Ulikuwa unasafiri na taa moja na kidogo.

Mwambie fundi wako afunge rilei mbili (swichi zinazoendeshwa kwa umeme), moja ya taa fupi na moja ya taa ndefu, zichukue umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya wa milimita 2.5 za mraba. Fyuzi ya ampea 15 kwa kila rilei inatosha, kwa sababu balbu mbili za wati 55 huvuta kama ampea 8 na nusu, na fyuzi hizo zikae karibu na betri. Waya wa zamani ubaki na kazi ya kuamsha rilei tu. Akumbuke suala la kuwashia upande wa hasi nililolitaja, asije akakufungia rilei ambazo haziwaki au hazizimi. Weupe wa kutu kwenye waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi karibu na taa ausugue hadi uone chuma kinachong'aa. Balbu zilizoanza kuwa nyeusi zitolewe zote mbili kwa pamoja. Kuelekeza taa kuwe kazi ya mwisho, baada ya kufunga balbu mpya.

MuuguziManyoni

Nimerudi baada ya siku tisa. Rilei zimefungwa, balbu ni H4 za wati 60/55 nilizoagiza Dodoma, na plastiki za taa zimesafishwa kwa msasa na kupuliziwa kinga. Mita sasa inasoma 13.4 kushoto na 13.3 kulia.

Jana usiku nilirudi kutoka Itigi kwa kilomita 60 kwa saa, jambo ambalo mwanzo lilinipa shida kwa kuwa mabasi yananipita. Mwanga si ule mweupe wa magari mapya, bado una umanjano, lakini ukingo wa kushoto nauona umenyooka mbali kuliko nilivyowahi kuuona tangu ninunue gari hili. Karibu na njia ya kuingia kijijini alikuwepo mzee anayesukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, bila taa. Nilimwona mapema, nikapunguza mwendo na kumpita polepole, naye akainua mkono.

Nina swali moja lililobaki. Jumamosi tutabeba maboksi ya vifaa na watu watatu nyuma, na upande wa kulia wa usukani nimeona kigurudumu kidogo chenye namba kuanzia 0. Je, nikiguse?

FundiUmemeMoro

Ndiyo, kiguse, kimewekwa kwa ajili ya safari kama hiyo. Mzigo wa nyuma hushusha tako la gari na kuinua pua, na taa ulizozielekeza vizuri zitaanza kumulika macho ya watu. Gari likiwa tupu kiache kwenye 0. Jumamosi, mkishapakia kila kitu na watu wakishaketi, rudi kwenye ukuta uleule, mita 5, ukizungushe taratibu hadi mwanga urudi sentimita 5 au 6 chini ya alama. Andika namba uliyoishia kwenye karatasi uibandike karibu na kigurudumu hicho, ili safari nyingine ya mzigo usihitaji kutafuta ukuta.